Kuhamisha tiketi ya ndege kutoka asubuhi hadi jioni, siku ileile: hii 110,000 ya juu inatoka wapi?

#1 Mkerewe Halisi
Wakuu, habari za usiku. Niko Mwanza na mama yangu. Upasuaji wake wa mtoto wa jicho ulikuwa ufanyike leo, umesogezwa hadi kesho. Daktari anasema bandeji itafunguliwa kesho kutwa saa 4 asubuhi na hataki tuondoke kabla hajaliona jicho. Tatizo ni kwamba kesho kutwa hiyohiyo tuna ndege ya saa 3 asubuhi kurudi Dar. Tiketi nilikata mapema, wiki sita zilizopita, 185,000 kila mmoja, za kwenda tu.

Nimepiga simu kwenye shirika niombe tuhamie ndege yao ya saa 12 jioni. Jibu: faini 60,000 kila tiketi, halafu "tofauti ya nauli" 110,000 kila tiketi. Jumla 340,000, wakati tiketi zote mbili nilinunua 370,000! Siku ileile, shirika lilelile, safari ileile, na kwenye ramani ya viti naona zaidi ya nusu viko wazi. Faini naielewa. Hiyo 110,000 siielewi kabisa. Wenye ujuzi naomba mnisaidie, nina hadi kesho mchana kuamua.

#2 Nyamagana
Pole mkuu, mama apone haraka. Hapo hakuna siri, wanajua umebanwa. Mtu mwenye mgonjwa atalipa tu.

#3 Kilimahewa
Ndiyo maana mimi na basi hatuachani. Mwezi wa nne nilichelewa basi stendi ya Nyegezi, nikampigia konda, akaniambia "njoo kesho mama, kiti chako kipo". Sikulipa hata mia. Ndege kelele nyingi.

#4 Karani wa Zamani
Mkerewe, nimekata tiketi kwa miaka 11 ofisini Kariakoo, sasa nimeacha. Ngoja nikueleze polepole.

Ndani ya ndege unaona daraja moja la kawaida, viti vyote sawa. Kwenye mfumo hakuna daraja moja. Kuna madaraja kama kumi hivi yaliyopangwa kwa herufi, na kila herufi ina bei yake na idadi ya viti vyake. Y mara nyingi ndiyo ya juu katika daraja la kawaida, halafu zinashuka. Angalia kwenye tiketi yako, karibu na namba ya ndege utaona herufi moja imekaa peke yake. Hiyo ndiyo daraja lako. Wiki sita zilizopita ulipata herufi ya bei ya chini kwa sababu ilikuwa bado ina viti.

Sasa unataka ndege ya jioni. Mfumo unatafuta herufi yako kwenye ndege hiyo. Zimeisha. Unapanda hadi herufi ya kwanza iliyo wazi, na hiyo ni 295,000. Toa 185,000 uliyolipa, inabaki 110,000. Hiyo ndiyo tofauti ya nauli. Faini ni kitu kingine kabisa: ni malipo ya kugusa tiketi.

Na naomba turekebishe hesabu yako kidogo. Usilinganishe 340,000 na 370,000 ulizolipa mwezi uliopita. Linganisha na bei ya leo. Tiketi mbili mpya za jioni ni 590,000. Kubadili bado ni nafuu kuliko kununua upya kwa shirika hilohilo.

#5 Mkerewe Halisi
#4 asante sana, nimeangalia na kweli kuna herufi. Lakini swali langu linabaki. Kama viti viko wazi zaidi ya nusu, herufi ya chini imeishaje? Nani amezinunua kama ndege ni tupu?

#6 Nyamagana
Hapo sasa! Karani ajibu hilo.

#7 Karani wa Zamani
Kwanza, ramani ya viti haionyeshi viti vilivyouzwa, inaonyesha viti vilivyochaguliwa. Watu wengi hawachagui kiti hadi wafike kaunta. Ndege inaweza kuwa imejaa na ramani ikaonekana nyeupe.

Pili, herufi ya chini haiishi kwa kununuliwa tu. Inafungwa. Kuna watu makao makuu kazi yao ni kuangalia kila ndege na kuamua herufi gani ibaki wazi. Ndege ya jioni wanajua itapata abiria wa dakika za mwisho, wafanyabiashara waliomaliza shughuli, watu wa semina. Hao wanalipa bei yoyote. Basi wanafunga za chini mapema.

#8 Fundi Propela
Niongeze la kiufundi ambalo Karani hakuligusa. Kiti kuwa kitupu si lazima kiwe kinauzika. Ndege inabeba uzito, haibebi viti. Mwanza uwanja uko kama mita 1,147 juu ya usawa wa bahari, na hewa ikiwa ya moto inakuwa nyepesi, injini na bawa vinapata nguvu kidogo. Kukiwa na joto wanapunguza mzigo, na wakati mwingine mzigo huo ni abiria. Inawezekana ndege ya jioni wameiwekea kikomo cha abiria, na vilivyobaki ndiyo wanaviuza ghali.

#9 Mzee Kifimbo
Fundi, nakuheshimu lakini hapo umepotea njia. Hilo la joto na uzito liseme kwa viwanja vyenye barabara fupi ya kurukia. Mwanza barabara yao ina zaidi ya kilomita tatu. Airbus A220 ya viti 132 inaruka pale, sembuse hizi za propela za viti 70 na kitu. Kwa Mwanza kwenda Dar uzito si sababu. Halafu saa 12 jioni joto limeshapungua, ni asubuhi ya saa 8 mchana ndiyo ungesema.

#10 Fundi Propela
#9 "asubuhi ya saa 8 mchana" ndiyo saa gani hiyo mzee wangu? Nakubali barabara ni ndefu. Lakini ulizia mtu yeyote wa kaunta kama hajawahi kuambiwa "leo tusizidi abiria kadhaa" kwa sababu ya mafuta ya ziada au mizigo ya samaki. Sijasema ndiyo sababu pekee.

#11 Mzee Kifimbo
Nilimaanisha saa 8 mchana, vidole vimenitangulia. Samaki sawa, hilo nakuachia.

#12 Dada Nesi
Mkerewe, mimi ni muuguzi, naomba niulize nje ya hesabu za tiketi. Je, umewaambia shirika kwamba unasafiri na mtu aliyetoka kufanyiwa upasuaji siku moja kabla? Mtoto wa jicho kwa kawaida si kizuizi cha kupanda ndege. Lakini kuna upasuaji wa jicho, hasa wa pazia la nyuma ya jicho, ambao daktari anaweka gesi ndani. Mwenye gesi hiyo haruhusiwi kupanda ndege hadi iishe, wiki kadhaa, kwa sababu kule juu presha ikishuka gesi inatanuka na jicho linaweza kupotea kabisa. Mtoto wa jicho wa kawaida hauna gesi, lakini muulize daktari kwa mdomo wako, na umwombe barua inayosema mama anafaa kusafiri. Barua hiyo itakusaidia mara mbili: kaunta wasikukatalie, na pia uombe wakuondolee faini.

#13 Mkerewe Halisi
Dada Nesi Mungu akubariki. Sikuwa najua habari ya gesi kabisa. Kesho asubuhi kabla hajaingia chumba cha upasuaji nauliza.

#14 Mzaramo wa Minneapolis
Huku Marekani mashirika makubwa yalifuta faini za kubadili mwaka 2020, wakati wa korona, na hayakuzirudisha kwa tiketi za kawaida. Zile za bei ya chini kabisa bado zina masharti. Halafu kuna sheria ya saa 24: ukikata tiketi moja kwa moja kwa shirika, na safari iko siku 7 au zaidi mbele, unaweza kufuta ndani ya saa 24 ukarudishiwa hela yote. Kwa nini kwetu wasifanye hivyo?

#15 Karani wa Zamani
#14 sheria hiyo inahusu safari za kwenda au kutoka Marekani. Mtu akikata Dar kwenda Minneapolis inaweza kumlinda, hata kama shirika si la Marekani. Mwanza kwenda Dar haiwahusu. Na hata huko kwenu kufuta faini hakukufuta tofauti ya nauli. Ukihamia ndege ya bei ya juu unalipa ya juu, si ndivyo?

#16 Mzaramo wa Minneapolis
Ndivyo. Ila kuna kitu wanaita kubadili siku ileile. Ukiwa na tiketi ya leo na unataka ndege nyingine leo hiyohiyo, unalipa kiasi kimoja kilichopangwa, au hulipi kabisa, na baadhi ya mashirika hayaangalii tofauti ya nauli. Sharti kiti kiwepo. Kisa cha Mkerewe kingekuwa hapo hasa. Ndiyo maana nasema tofauti ya nauli si sheria ya Musa, ni uamuzi wa shirika.

#17 Nyamagana
Mnaona? Nilisema tangu #2. Wakitaka wanaweza.

#18 Kiroboto
Ulaya ndiyo kuna haki. Kule ukibadili ndege hulipi, kuna sheria namba 261.

#19 Mzee Kifimbo
Kiroboto, hapana. Sheria ya 261 ya mwaka 2004 ni ya pale shirika linapokukosea: wamefuta ndege, wamechelewa sana, au wamekunyima kupanda wakati una tiketi halali. Wewe mwenyewe ukiamua kuhama kutoka asubuhi hadi jioni, haikusaidii kitu. Watu wengi wanaichanganya.

#20 Kiroboto
Sawa mzee, nimepata darasa. Nilisikia kwa shemeji yangu aliye Ujerumani, kumbe yeye ndege yake ilifutwa.

#21 Pwani Kwetu
Naomba niingize kisa changu maana kinahusu gharama ya kubadili saa, ila kosa lilianzia kwenye saa yenyewe. Mwaka juzi nilimkatia dada yangu ndege ya kutoka Dar kwenda Kilimanjaro, ya "08:00". Kwa simu nikamwambia, "Ndege yako ya saa nane." Dada akala chakula cha mchana kwa raha zake Magomeni, akafika uwanjani saa 7 mchana. Ndege ilikwishaondoka saa 2 asubuhi! Tulilipa faini ya kubadili, faini ya kutotokea, na tofauti ya nauli juu. Karibu mara mbili ya tiketi. Tangu siku hiyo nikimtumia mtu saa ya ndege naandika kwa maneno: "saa mbili asubuhi, jua likiwa limetoka".

#22 Bin Seif
#21 hilo limewakuta wengi. Mimi niko Muscat. Mjomba wangu alikuja kunitembelea, tiketi ya kurudi Zanzibar imeandikwa Ijumaa saa 01:15. Sisi kwetu usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, jua likizama Alhamisi Ijumaa imekwishaingia. Mzee angeshika hesabu yake ya asili angefika sawasawa! Lakini vijana wa nyumbani tukamwambia, "Ijumaa usiku, Mjomba, tulia, kesho." Tukampeleka Ijumaa baada ya isha. Ndege ilikwenda saa 18 kabla. Yeye ndiye alikuwa na haki, sisi tuliosoma ndio tuliomkosesha. Nililipa mimi, rial 45, na niliona ni haki yangu kulipa.

#23 Pwani Kwetu
Subhanallah. Ndege za baada ya saa 6 usiku ni mtego kwelikweli. Namba ya tarehe imebadilika na mtu bado hajalala.

#24 Karani wa Zamani
#21 nakazia hapo pa "kutotokea". Ndugu zangu, hata kama huna hela ya kubadili, usiache ndege iondoke kimya. Piga simu kabla, waambie wakutoe kwenye ndege hiyo. Tiketi iliyotolewa kabla bado ina thamani, kwa kawaida ndani ya mwaka mmoja tangu ilipokatwa. Tiketi ya mtu ambaye hakutokea, mashirika mengi yanaikata faini kubwa zaidi au kuifuta kabisa.

Na kama una tiketi ya kwenda na kurudi ukaacha kipande cha kwenda, mfumo unafuta na cha kurudi. Watu wamelia uwanjani kwa hilo. Nimewaona kwa macho yangu.

#25 Mvita
Salaam kutoka Mombasa. Hapa kwetu ndege za bei nafuu za Nairobi zimetufundisha adabu. Tiketi ni rahisi, lakini ukitaka kubadili lazima ufanye saa kadhaa kabla, ikipita hapo umepoteza yote. Wenyewe wanakuwekea bei tatu pale unapokata: ya chini isiyobadilika, ya kati unayobadili kwa ada, na ya juu unayobadili bure. Mie nikijua safari yangu haina uhakika nalipa ya kati. Mkerewe, yako ilikuwa ya aina gani?

#26 Mkerewe Halisi
#25 nilichukua ya chini kabisa. Wakati ule upasuaji ulikuwa na tarehe, sikuona sababu ya kuongeza. Tofauti ilikuwa 40,000 tu. Inaniuma sana sasa hivi.

#27 Kilimahewa
Usijilaumu kaka. Hakuna anayepanga hospitali isogeze tarehe.

#28 Nyamagana
Jamani mbona hakuna anayemwambia la wazi? Kuna shirika jingine lina ndege jioni. Aangalie bei yao. Kama ni chini ya 170,000 kwa mtu, anunue mpya, hizi za asubuhi aziache.

#29 Karani wa Zamani
#28 hoja nzuri na kwa kisa chake inawezekana, kwa sababu tiketi zake ni za kwenda tu, hakuna kipande cha mbele kitakachokatika. Ila asiziache tu. Aombe zifutwe kabla ya safari, kisha adai kodi na tozo. Ndani ya ile 185,000 kuna VAT ya asilimia 18, kuna ada ya huduma ya abiria ya uwanja, 10,000 kwa safari za ndani, na nyingine. Ada ya uwanja ni ya kuutumia uwanja. Hukuutumia, basi ni ya kwako. Wengi hawaombi, zinabaki huko.

#30 Mzee Kifimbo
Karani, ada ya uwanja sawa. Lakini VAT hawarudishi kirahisi kama nauli yenyewe haikurudishwa, maana wao wanasema huduma imeshauzwa. Nilishadai mwaka juzi, nikapata ya uwanja tu, baada ya miezi miwili na barua pepe sita.

#31 Karani wa Zamani
Inategemea masharti ya nauli. Nimewahi kuona zikirudi zote. Lakini barua pepe sita naziamini.

#32 Mkerewe Halisi
#28 nimeangalia sasa hivi. Hilo jingine jioni ya kesho kutwa ni 240,000. Haisaidii.

Halafu niulize. Tiketi sikununua kwa shirika moja kwa moja, nilikata kwa wakala hapa mjini. Shirika wameniambia rudi kwa wakala. Wakala anasema atafanya lakini ana 20,000 yake kila tiketi. Hiyo nayo ni halali?

#33 Nyamagana
Haya sasa! Faini, tofauti, na ya wakala. Mama wa watu anatoka kufunguliwa jicho.

#34 Karani wa Zamani
Hapo nitasema kama mtu aliyekaa upande huo wa meza. Mashirika mengi yalishakata kamisheni ya wakala, kwa hiyo wakala anaishi kwa ada ya huduma. Kubadili tiketi si kubonyeza mara moja, unahesabu upya, ukikosea shirika linakutumia deni miezi mitatu baadaye nawe unalipa kutoka mfukoni. Limenipata, nililipa mshahara wa mwezi mzima. Kwa hiyo ada ni halali, lakini 20,000 inajadilika. Mwambie ni mgonjwa, mtu muungwana atapunguza.

Njia nyingine: nenda kwenye ofisi ya shirika, au kaunta yao uwanjani, ukiwa na barua ya daktari. Simu wanasoma karatasi. Ana kwa ana kuna msimamizi, na msimamizi ana ruhusa ya kuondoa faini. Tofauti ya nauli hataweza, hiyo inakokotolewa na mfumo.

#35 Mzaramo wa Minneapolis
#34 "hataweza" au hataki?

#36 Karani wa Zamani
Karani wa kaunta hawezi. Aliye makao makuu anaweza kufungua herufi ya chini kwa dakika mbili, halafu tofauti inapotea. Lakini nani atampigia simu huyo kwa ajili ya abiria wawili?

#37 Mzaramo wa Minneapolis
Basi tumekubaliana. Inawezekana.

#38 Fundi Propela
Swali moja kwa Mkerewe: tangu ukate tiketi, shirika liliwahi kukuletea ujumbe wa kubadilisha saa ya ndege ya asubuhi? Wakisogeza wao ratiba, mashirika mengi yanakuruhusu kuhama bure, faini hakuna na tofauti hakuna. Tafuta kwenye simu vizuri, mara nyingi ujumbe unaenda kwa wakala na wewe huuoni.

#39 Mkerewe Halisi
#38 nimetafuta, upo! Wiki tatu zilizopita: ndege imetoka saa 2:40 ikawa saa 3:00 asubuhi. Nilisahau kabisa. Dakika 20 zinahesabika?

#40 Mzee Kifimbo
Dakika 20 wengi hawazihesabu. Kila shirika lina kiwango chake. Kwa mfano Marekani sheria ya 2024 inahesabu badiliko kubwa kuwa saa 3 kwa safari za ndani na saa 6 kwa za nje, na hilo ni kwa kurudishiwa hela. Lakini uutaje tu ukifika pale. Huombi fadhila, unaonyesha kwamba na wao walisogeza.

#41 Pwani Kwetu
Utaje kwa upole kaka. Kaunta mtu anasaidiwa kwa ulimi.

#42 Kiroboto
SGR ikifika Mwanza hizi kelele zote zitaisha.

#43 Kilimahewa
Kiroboto, Dar hadi Dodoma imeanza 2024, Mwanza tuisubiri kwa subira. Na hata SGR kubadili treni kuna masharti yake. Asiye na masharti ni konda wangu wa Nyegezi pekee.

#44 Mvita
Huyo konda wa Kilimahewa apewe shirika la ndege.

#45 Dada Nesi
Mkerewe, mama yukoje? Ametoka?

#46 Mkerewe Halisi
Habari za jioni wote. Samahani kwa ukimya, siku ilikuwa ndefu. Mama ametoka salama saa 6 mchana. Dada Nesi, nilimuuliza daktari habari ya gesi, akasema hakuna gesi, ni mtoto wa jicho wa kawaida, na akashangaa nimeijuaje. Barua ameandika.

Nikaenda kaunta yao uwanjani na barua. Dada wa pale alinisikiliza vizuri. Ule ujumbe wa dakika 20 alisema haufiki kiwango, lakini akaenda kumwita msimamizi. Msimamizi akaondoa faini ya mama, 60,000, kwa sababu barua ina jina lake. Yangu akasema hawezi, mimi si mgonjwa. Nikamweleza mama ana bandeji, hawezi kusafiri peke yake, mimi ndiye macho yake. Akasema anaelewa ila karatasi ina jina moja. Tofauti ya nauli tumelipa wote wawili. Jumla 280,000 badala ya 340,000. Na ya wakala sikulipa kwa kuwa nilibadilia palepale. Nashukuru sana, 60,000 na 40,000 ya wakala mmeniokoa ninyi.

#47 Nyamagana
Mama hongera. Lakini hiyo ya "karatasi ina jina moja" imenikera. Mgonjwa wa jicho na anayemshika mkono ni safari moja.

#48 Dada Nesi
Alhamdulillah. Kosa dogo ni letu, tungekwambia umwombe daktari aandike "na msindikizaji wake" pamoja na jina lako. Wengine mkipata shida hii likumbukeni. Kesho bandeji ikitoka avae miwani ya jua, asiiname kunyanyua begi, na zile dawa za matone ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiende kwenye mzigo wa chini.

#49 Karani wa Zamani
#48 hilo la msindikizaji ni kweli, hata mimi nililisahau. Tiketi zao zingekuwa kwenye namba moja ya rezevesheni pengine msimamizi angeziona kama kitu kimoja. Mkerewe, zilikuwa namba moja au mbili?

#50 Mkerewe Halisi
Mbili. Wakala alikata ya mama kwanza, yangu kesho yake.

#51 Karani wa Zamani
Basi labda ni hapo.

#52 Mzee Kifimbo
Au msimamizi alikuwa na ruhusa ya kuondoa moja tu kwa siku. Nimesikia hivyo kwa watu wa kaunta.

#53 Mkerewe Halisi
Wakuu, saa 4 usiku hii. Nimefungua programu yao kuangalia saa ya kuripoti kesho. Ndege ileile ya jioni, ambayo mchana nimelipia kwa bei ya 295,000, sasa inauzwa 210,000! Hazijapita saa tisa. Hili nalo naomba mnieleweshe.

#54 Karani wa Zamani
Kuna kundi limerudisha viti. Semina au msiba, walishika viti ishirini, leo wamethibitisha kumi. Vilivyorudi vimefungua herufi ya chini.

#55 Fundi Propela
Au wamebadilisha ndege, wameleta kubwa zaidi. Mkerewe, angalia aina ya ndege kama imebadilika kwenye programu.

#56 Nyamagana
Au ilikuwa tupu tangu mwanzo kama alivyosema #1, wakakaza hadi wakaona hakuna anayenunua, sasa wanashusha.

#57 Mkerewe Halisi
Aina ya ndege ni ileile. Naweza kudai ile 85,000 ya juu?

#58 Karani wa Zamani
Hapana. Bei ikishuka baada ya kulipa, ili uipate inabidi ubadili tena, na ukibadili tena unalipa faini tena. Ya kwako 60,000, ya mama waombe tena. Na wengi ile tofauti hawairudishi hata hivyo. Iache, kaka. Mpeleke mama nyumbani.

#59 Pwani Kwetu
Mpe salamu mama. Na saa 12 jioni hiyo, mwandikie kwa maneno.

#60 Mkerewe Halisi
Nimemsomea uzi wote. Anasema salamu zimefika, na anauliza konda wa Kilimahewa anaitwa nani.